Nilivyosukuma Ukuta wa Baba Mkwe

Leo nimeaibika ukweni, tena bila shati.

Asubuhi nilipeleka bega langu kliniki moja huku Mulago. Mama wa mazoezi ya viungo alisimama nyuma yangu, akaniambia niinue mikono polepole, niishushe, niinue tena.

"Bega lenyewe zima," akasema. "Tatizo ni huu mfupa mpana wa nyuma. Misuli inayoushikilia imelegea, ndiyo maana unachomoza kama bawa."

Dawa yake ni kusukuma ukuta. Viganja ukutani, sukuma, kisha telezesha mikono juu. "Bega likikaza, fanya popote ulipo." (Popote. Nami nikamsikiliza.)

Alasiri nikaenda kwa akina Akello, mchumba wangu, kumwona baba yake kwa mara ya kwanza. Mzee ni polisi mstaafu. Nikaambiwa ametoka kidogo, nikangoja sebuleni na shangazi wawili walionikagua kuanzia viatu. Bega likakaza. Nikaomba kupunga hewa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaanza kusukuma. Uso ukutani, mikono inapanda juu polepole.

"Usigeuke," sauti ikasema nyuma yangu.

Sikugeuka.

"Wewe nani? Unatafuta nini kwa ukuta yangu?"

"Mimi ni mkwe, afande." (Hata chai sijanywa, nishajiita mkwe.)

Akanipapasa mifuko yote. Akello akaja mbio. "Baba, huyo ndiye Moses niliyekuambia."

"Ndiye huyu anasukuma nyumba?"

Nikaeleza habari za bega. Mzee hakuamini. "Vua shati, nione."

Nikaomba tuingie ndani. Akanyooshea shati kidole. Nikavua. Shangazi wakatoka, na jirani akachungulia juu ya ua. Nikainua mikono, nikashusha.

"Kweli inatoka," mzee akasema.

"Upande moja tu," shangazi mkubwa akaongeza. "Sasa watoto watazaliwa hivyo?"

"Inua tena, sikuona vizuri," akasema jirani. (Nani alimwita?)

Nikainua. Akello alikuwa ameziba uso, anatetemeka. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Alikuwa anacheka.

Mzee akaweka viganja vyake ukutani. "Yangu pia inauma tangu zamani za kubeba bunduki. Nionyeshe."

Tukasukuma pamoja, yeye na koti lake, mimi kifua wazi, mpaka chai ikapoa.

Nimeambiwa nirudi Jumapili. Sijui kama ni kwa posa au kwa mazoezi. Atakayecheka, nisimwone harusini.