Jino la Haji Hechmi

Siku Lamjed alipomwona Haji Hechmi akimzika kaka yake kwa kusimama mlangoni pa duka na kuinua viganja jeneza lilipokuwa linapita, alijua riziki yake imefika. Yalikuwa majira ya harusi, Tunis nzima ilikuwa inanunua dhahabu, na sonara yule hakuona sababu ya kufunga duka kwa ajili ya marehemu. Mtu wa namna hiyo, Lamjed aliwaza, mgeni akianza kumfia dukani na kumharibia biashara, hataona kitu kingine chochote.

Lamjed alikuwa mwanamume wa heshima ambaye kazi yake ilikuwa kuanguka. Ujanani alifagia wodi ya wagonjwa mahututi, na macho yake hayakukaa bure. Alijua jinsi kiharusi kinavyopinda mdomo upande mmoja, kikalegeza mkono na kuukoroga ulimi. Kifafa alikitumia kwa nadra, maana hakosekani mwema mmoja wa kukutia kijiko mdomoni, jambo linalomdhuru mgonjwa wa kweli na kumkera mwongo. Kwenye maduka ya halua alishukwa na sukari: alitetemeka, akatoka jasho, akaongea ovyo, mpaka aamshwe kwa keki za lozi. Shambulio la moyo aliliweka akiba kwa masonara.

Yeye akianguka, mwenzake Rafika alikuwa akijaribu bangili. Ndiyo kazi yote. Baadaye wangekutana kituo cha treni, wagawane, na, kama mambo yangekwenda kama Lamjed alivyotumaini, waoane.

Basi asubuhi moja ya joto, Rafika akiwa amevaa bangili karibu kufika kiwikoni, Lamjed aliingia, akauliza bei ya pete, akakamata kifua na kwenda chini kwa mguno uliowasimamisha wapita njia.

Duka likajaa madaktari. Bi Wassila, aliyekuja kumnunulia binti yake dhahabu za harusi, alisema ni jicho la hasidi, akammwagia usoni maji ya maua ya mchungwa. Muuza kofia wa duka la pili alisema ni gesi. Haji Hechmi alitaka kujua jambo moja tu.

"Anaweza kutembea huyo?"

"Haji, mtu anakata roho."

"Basi akakatie kwako. Kwako kuna nafasi."

"Kwangu?" alisema muuza kofia. "Mie nimetandika zulia jipya."

Kwa pembe ya jicho Lamjed aliona visigino vya Rafika vikitoka mlangoni bila haraka. Kazi imekwisha. Alichosubiri sasa ni kubebwa mpaka barabarani, ambako angepata nafuu ya ghafla na kona ya kupotelea. Ndipo alipomtazama Haji.

Haji alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya feni, rangi ya majivu, jasho la baridi likimdondoka kidevuni. Alikuwa anasugua taya, kisha mkono wa kushoto, huku akipumua kama aliyepanda mlima. Aliwaambia watu kwamba jino lilikuwa linamsumbua tangu alfajiri, lakini hakuna aliyemsikia. Mgonjwa alikuwa sakafuni, kila mtu alimwona.

Kwanza Lamjed aliudhika kama fundi. Hakuna mguno, hakuna kukamata kifua. Kisha akakumbuka wodi: wengi waliingia hivyohivyo, wakilalamika jino au tumbo, na baadhi yao alifagia chini ya vitanda vyao vitupu. Akinyamaza, angebebwa akiwa huru. Akisema, angekuwa mwizi aliyejikamata mwenyewe. Akaulaani ule ufagio.

"Mtazameni Haji," alisema.

"Anaweweseka, maskini," alisema Bi Wassila, akamwongezea maji.

"Mwenye moyo ni yeye, mama. Si mimi."

Alijaribu kuinuka. Muuza kofia, kwa huruma kubwa, akamkalia miguu.

"Jamani, mie mzima. Mie mwongo, nimekuja hapa kuiba."

Muuza kofia akamkalia vizuri zaidi.

"Imeshapanda kichwani," alisema Bi Wassila.

Ikabidi Lamjed amwangushe muuza kofia na kuruka meza. Alimketisha Haji chini, akamwegemeza kwenye kasha la chuma, akamfungua kola, akamzuia Bi Wassila asimnyweshe kahawa na muuza kofia asimtembeze.

"Ni jino tu," Haji alinong'ona.

"Haji wangu, jino halimlowanishi mtu shati."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuitwa kwa ajili ya Lamjed, na wahudumu walipofika walimng'ang'ania yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amelowa zaidi. Aliwaelekeza kwa Haji, naye akapanda pamoja naye, maana sokoni askari walishaanza kuuliza habari za mwizi.

Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, lile duka lingefungwa kweli. Lamjed alikwenda kituo cha treni. Rafika hakuwapo, na treni ya kwenda Sfax ilikuwa imeondoka. Akarudi hospitali, kwa kukosa pengine pa kwenda, akamkuta askari kando ya kitanda, akiuliza nini kimeibwa.

Haji alimtazama Lamjed, kisha akatazama dari.

"Hakijapotea kitu, mwanangu. Nenda kapumzike."

Askari akaondoka. Machozi yalimtoka Lamjed, ya kwanza maishani ambayo hakuyafanyia mazoezi.

"Umenisamehe, Haji."

"Sogea hapa. Yule mama wa bangili ni mkeo?"

"Ilikuwa awe."

"Ukimpata, mwambie asizipeleke kwa sonara." Haji akashusha sauti. "Ni shaba. Nimezipaka tu."

Lamjed alimfikiria Rafika huko Sfax, akizipanga mezani kwa tabasamu lake lote, na moyo ukamtulia vizuri sana. Kisha akakumbuka jambo.

"Na za binti wa Bi Wassila?"

Haji alifumba macho. Akaguna, akasugua taya, kisha mkono. "Niitie nesi. Jino limeanza tena."

Lamjed alimchunguza kwa jicho la kazi. Uso mkavu, rangi nzuri, pumzi ya mtoto mchanga. Akavuta kiti, akakaa.

"Wa kushoto, Haji," alisema kwa upole. "Umeshika wa kulia."