Kamati ya Ukuta wa Mkurugenzi

Kwa furaha kubwa, ofisi yetu inawatangazia wananchi kwamba ukuta wa chumba cha Mkurugenzi sasa una rangi. Walionuna kwenye foleni wanaombwa kufurahi.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Rangi. Kulikuwa na manjano na buluu iliyokoza. Mkurugenzi alisema, "Chagueni wenyewe, ila msichague nisiyoipenda." Ni ipi asiyoipenda, hakusema. Na vibali vyote vilisimama, maana sahihi ya serikali haiwezi kutiwa katika chumba kisicho na msimamo.

Tukafanya utafiti wa kitaalamu: kila asubuhi tulitazama tai yake. Akivaa ya manjano, tunapitisha manjano. Akija na ya buluu, tunafuta. Siku aliyovaa yenye mistari ya rangi zote mbili, mwenyekiti wetu alilazwa kwa presha.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akisubiri kibali cha kufungua kibanda chake.

"Mwanangu," aliniambia, "vitambaa vyangu vinaliwa na panya. Hiyo rangi inapakwa au inatafutiwa mchumba?"

"Mama, mchakato unaendelea."

"Unaendelea kwenda wapi?"

Hatimaye Mkurugenzi akaja na suti mpya ya buluu, kofia na yote. Kamati ikapiga makofi, ikapitisha buluu. Fundi wa rangi akamaliza ukuta, akauliza, "Na kiti? Na meza?"

"Sera haibagui," akajibu mwenyekiti. Vyote vikawa buluu.

Mkurugenzi akaketi, ameridhika. Fundi cherehani akaingia, akaangaza huku na huku, akatoka. "Hamna mtu humu."

"Nipo!"

"Yarabi, ukuta unaongea!" Akamkimbilia karani. Karani, ambaye muhuri alikuwa nao siku zote, akagonga. Kibali kikatoka kabla chai haijapoa, mama akaondoka anapiga vigelegele. Foleni nzima ikamhamia karani, ikaisha siku hiyo hiyo.

Juzi akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Akafungua mlango, akachungulia. Mkurugenzi akasimama wima, akainamisha kichwa, kofia ikamfunika uso, ikamaliza kazi. Akanyamaza kimya, kwani kwetu mtu hasemi kabla mkubwa hajamsemesha.

"Foleni hakuna, wananchi wanacheka, na cheo hiki kiko wazi?" mkaguzi akashangaa. "Cha nini sasa? Kifutwe!"

Leo Mkurugenzi amepanga foleni kwa karani, anaomba athibitishwe kwamba yupo. Tumemsihi avute subira. Kamati ya kumtambua imeshaundwa, ila wajumbe bado wanabishana akae kwenye benchi la manjano au la buluu.