Ingokho Ndani ya Kisanduku

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Madam Roda, mwenye ofisi yetu ya kompyuta hapa mjini, ametupa kazi mimi na Cleophas. Ukurasa wa intaneti wa nyumba ya wageni ya Mama Dorothy, kule msituni Isecheno. Mgeni ajaze jina, siku na chakula, abonyeze kitufe, ombi litufikie. Wageni wa kwanza wakija, nasi tumealikwa. Mara ya mwisho kualikwa na mteja tulikula maharagwe. Maharagwe! Safari hii nataka ingokho, kuku wa kienyeji hasa, na firigisi iwe yangu. Kila mahali hupewa Cleophas, eti yeye ana mke na mji wake.

Jumanne, 7 Septemba
Dawa nimeipata! Kwenye kisanduku cha chakula nimeandika mapema "ingokho". Mgeni asipolifuta, linakwenda na ombi lake. Kitufe cha Tuma ni kikubwa, chekundu. Cha Futa nimekitoa kabisa. Cleophas ameuliza mzungu atajuaje ingokho ni nini. Nimemwambia aache wivu.

Alhamisi, 9 Septemba
Ombi la kwanza! Wataalamu wa vipepeo kutoka Ujerumani, Jumamosi. Chakula: ingokho, kundi zima! Mama Dorothy anatafuta kuku mpaka Shinyalu. Nimeruka chakula cha jioni makusudi.

Jumamosi, 11 Septemba
Balaa! Wageni hawali nyama. Hata mmoja! Waliliona neno ndani ya kisanduku, wakadhani ni salamu ya kwetu, wakaliacha. Masufuria yamejaa kuku. Madam Roda akanivuta kando, akasema, "Shitanda, huyu mama akilalamika, Jumatatu usije kazini." Nililiona jembe la baba likiningoja nyumbani.

Basi Cleophas, huyo huyo, akaenda jikoni kuomba obusuma, ugali wa wapishi wenyewe, na mboga yao ya mrenda. Wageni wakala, wakalamba vidole, wakaomba kuongeza siku. Mama Dorothy akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema chakula chake hakijawahi kusifiwa hivyo. Kazi ninayo! Ee Mungu, asante! Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, nikapumua tu.

Kuku wote wakabaki kwetu. Firigisi zikajaa sahani. Sahani akapewa Cleophas, kwa kuokoa jahazi. Mimi nilipewa shingo. Nimeila kwa furaha, sijawahi kuona shingo tamu hivyo.

Jumatatu, 13 Septemba
Niko kazini. Madam Roda ameniamuru nisiandike tena kitu ndani ya visanduku vya watu. Maelezo yakae juu yake, ndani pabaki peupe. Nimekubali kwa moyo wote. Nimekoma kabisa.

Mchana imeingia kazi mpya: fomu ya harusi ya kule Mukumu. Jamaa walio ng'ambo wapendekeze mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima ndiye hula firigisi.

Nimeandika "Shitanda" ndani ya kisanduku. Kwa herufi ndogo tu. Kitufe cha Tuma nimekikuza zaidi.