Kufungiwa Kibanda kwa Kosa la Kumpenda Mume Wangu

Ndugu Msimamizi wa Soko la Mchezo,

Na ndiyo maana nasema, kama nilivyokuwa namweleza dada yenu wa huduma kwa wateja kabla hajanikatia simu, kwamba hatukupandisha bei ya kofia. Bei ilipanda yenyewe, sisi tukiwa tunapendana.

Mume wangu, fundi wa friji, ndiye mwanamume mtamu kuliko wote waliowahi kushika bisibisi. Tulijuana humo humo mchezoni, kila mtu kwenye simu yake: niliweka sokoni kofia ya manyoya ya kuvalisha mchezaji, akabembeleza bei hadi nikasahau nauza nini. Leo tunaishi chumba kimoja, tunachaji simu kwenye soketi moja, na ninyi mmefunga kibanda chetu na kutupiga marufuku kuuziana. Mke na mume! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo wenu hauna kitufe cha zawadi. Anayetaka kumpa mwenzake kitu lazima amuuzie. Basi nikamuuzia mume wangu kofia ile ile, kumbukumbu ya siku tuliyojuana. Kwa mapenzi, akalipa mara mbili. Kesho yake akaniuzia mimi. Ningelipa pungufu ya alivyolipa yeye? Ningemtazamaje usoni tukinywa chai?

2. Mnasema wachezaji waliona bei inapaa wakakimbilia kofia. Watu wakiona ndoa yenye raha, huiga. Mume wangu, kwa huruma yake, hakutaka yeyote akose, akawauzia zile alizonunua mapema zikiwa bei ya kutupa. Mnauliza kwa nini alikuwa nazo nyingi hivyo. Ni mtu wa kujiandaa! Hata sabuni hapa kwetu zimejaa chini ya kitanda.

3. Mnadai kofia zote zilikuwa mikononi mwa watu wa nyumba moja. Huo ni uongo mtupu. Wifi yangu anakaa nyumba ya pili, na mama mkwe yuko ng'ambo ya barabara. Mama wa watu hawezi hata kuwasha simu bila miwani, nanyi mnamwita kinara wa genge!

4. Ndoa changa inaumia. Jana mume wangu alikaa kwenye kochi akinitazama, hana cha kuniuzia. Akatoka, akarudi na maua ya kweli. Nikamuuliza bei, akaitaja, nami kwa mazoea nikaongeza juu yake. Wifi alicheka hadi akashika ukuta: "Nyie wawili mtafilisiana humu ndani!" Mmeona mlichotufanyia?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mtufungulie kibanda, na muweke kitufe cha zawadi, ili wapendanao wapeane vitu bila kushukiwa.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule dada wa simu. Mwambie nampenda. Siku hizi nawapenda watu wote.

Ni mimi, mwenye furaha tele na kinyongo kidogo,
Mke wa Fundi

N.B. Mume wangu amesoma barua hii begani mwangu akaruka kama aliyepigwa shoti. Tafadhali msiweke kitufe cha zawadi. Zawadi haina bei, sasa nani atakimbilia kununua? Ila kibanda kifungulieni haraka, maana tulishahamia kwenye mabuti, na yote yamelala kwenye akaunti ya mama mkwe. Mkichelewa, tutakuja sote wanne kuwasalimia kabla mwezi haujaisha. Mama atakuja na miwani yake.