Site ya Tante Germaine Inatafuta Nyumba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Tante Germaine, shangazi yangu, alipiga simu kutoka Mutwanga. Furaha tupu. Mama mumoja wa Ubelgiji anayenunua kakao, Madame Myriam, ameandikia vikundi viwili vya wamama wakulima: chao na kile cha ng'ambo ya mto. Jumamosi saa nane atafungua kwenye internet site ya kila kikundi, atazame picha, asome, halafu achague. Kitakachochaguliwa kitamuuzia kakao yake moja kwa moja musimu wote. Kingine kitabaki na wanunuzi wa barabarani, wale wenye mizani inayoegemea upande mumoja.

Tante akasema hana wasiwasi, juu site iko mikononi mwangu.

Iko kweli. Niliifanya kwenye likizo. Nzuri sana! Picha za kakao inayokauka, tante na kilemba chake, historia ya kikundi, Kifaransa safi. Inafunguka vizuri kabisa ndani ya ordinateur, kompyuta ya papa. Nje ya ordinateur ya papa haifunguki popote. Hili sikumuambia tante. Nilifikiri ingetoka yenyewe.

Leo darasani Shekinah, yule musichana aliyetengeneza site ya kwaya ya parokia, alikuwa anamueleza mwenzake kwamba site inahitaji vitu viwili. Jina, na mahali pa kulala: ordinateur fulani isiyozimwa mchana wala usiku. Mahali hapo panaitwa hébergement. Unanunua jina upande huu, unapangisha nyumba upande ule. Nikatikisa kichwa kama mutu aliyejua tangu ubatizo. Hawakuwa wanaongea na mimi.

Ningemuuliza Shekinah. Mais nikifika mbele yake ulimi unakufa ganzi. Nitafanya peke yangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimetafuta nyumba ya site. Kichwa kinauma.

Kila kampuni ni ya kwanza duniani. Za kwanza zinaweza kuwa nyingi namna hii? Moja inatoa nafasi isiyo na mupaka, na kinyota kidogo pembeni. Nikakifuata kinyota mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye herufi za sisimizi. Mupaka ulikuwa pale. Nyingine ni rahisi mwaka wa kwanza, mwaka wa pili bei inaruka kama mutu aliyekanyaga nyoka. Nyingine inaahidi kwamba site itakuwa wazi asilimia 99,9 ya wakati. Nikakaa nikifikiria kile kipande kilichobaki. Na kama kipande hicho ni Jumamosi saa nane?

Papa anauza simenti na mabati. Nilimuuliza kwa kuzunguka, bila kutaja site, mutu anachagua namna gani mahali pa kuweka mali yake. Akasukuma sahani pembeni. Hakuna mufanyabiashara wa Butembo aliyekosa la kusema juu ya dépôt.

— Dépôt haichagulikake siku ya jua, Phinées. Unaenda mvua ikinyesha, unaangalia bati. Unauliza ufunguo iko na nani. Mwenye atakukatalia kuingia, mali yako umuachie Mungu.

Mwanga! Nikaandikia kampuni tatu kwa Kifaransa cha heshima. Je, bati yenu inavuja? Panya wapo? Ufunguo uko na nani? Naweza kuja kuona siku ya mvua? Mbili kimya. Ya tatu ilijibu papo hapo, bwana mumoja anaitwa Léo. Akaniuliza kama nina shida na facture yangu. Sikuwa na facture, karatasi ya malipo, hata moja. Nikarudia swali la bati. Akaniuliza kama nina shida na facture yangu. Nikaona nimemuchosha, nikamuomba radhi, nikamutakia usiku mwema yeye na familia. Akanishukuru, akaomba nimupe nyota tano.

Kaka yangu amenieleza kwamba Léo ni mashine. Donc nimeona haya mbele ya mashine.

Hata hivyo jambo moja ni wazi. Hakuna kampuni inayokubali bati yake ionekane. Nimezikata zote.

Jumatano, 9 Oktoba

Plan mpya: ya bure! Asubuhi kabla ya masomo nikapandisha site kwenye hébergement ya bure. Ikafunguka. Hata tante kule Mutwanga aliiona. Akapiga simu akiwa na swali dogo tu. Kati ya picha yake na picha ya kakao kuna kijana kifua wazi anayerusha noti hewani na kuita watu wacheze kamari ya pari. Ni mutoto wa nani?

Kampuni ndiyo ilimubandika pale. Ndiyo malipo yake. Tante akasema yeye mwenyewe haoni ubaya, kijana ana afya, ila mama président wa kikundi ameuliza kama tumeacha kakao. Nikaifuta site yote.

Mchana nikaamua kumuuliza Shekinah. Sentensi nzima nilikuwa nimejifunza kwa moyo. Nikafika mbele yake, nikamuomba bic ya kuandikia. Mufukoni mwa shati bic zangu zilikuwa zimejipanga, na yeye aliziangalia. Akanipa yake.

Halafu, mwenyewe, akasema amesikia natafuta hébergement. Akanishauri nichukue ile ya kwaya. Ndogo, si ya bei, inalipwa kwa telefone, na mwaka wa pili bei ni ile ile. Wanaweka kopi ya kila kitu mahali pengine. Na ukiwaandikia, anajibu mutu.

Lilikuwa jibu la kila kitu. Nikasikia kinywa changu kinasema kwamba ya kwaya inatosha kwa nyimbo, ila kakao ni jambo la watu wazima.

Kwa nini nilisema vile? Sijui. Niliondoka na bic yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilimuambia préfet, mukubwa wa shule, jino linaniuma. Mungu ameshaniadhibu, linauma kweli. Nikapanda gari la rafiki wa papa lililokuwa linapeleka mabati Beni. Mutu wa darasa alisema huko yuko Onésime, mutu wa fotokopi, mwenye hébergement yake mwenyewe. Na mvua ilikuwa inanyesha! Njia nzima dereva alitukana matope, mimi niliyabariki. Kwenye barrière ya Kalunguta askari mumoja akauliza kwa Lingala naenda wapi. Nikajibu naenda kuangalia bati. Akatazama nyuma ya gari, akaona mabati, akatuacha tupite.

Onésime ni mutu mupole, sauti yake kama ya redio. Nilisimama katikati ya nyumba yake macho juu, muda murefu, mvua inapiga. Hata tone. Paka yupo, donc panya hawapo. Ufunguo umefungwa na kamba shingoni mwake. Na serveur, ile ordinateur isiyozimwa, ni moja juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akanifunulia. Nikaigusa. Ilikuwa na joto. Karibu nilie.

Nikauliza kama inabakiaka peke yake. Akaweka mukono kifuani.

— Mimi na mashine hii hatuachanake, mwana. Penye niko, njo iko.

Mutu ndiye huyu. Papo hapo nikamupa site, niliyokuwa nayo ndani ya flash. Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka sikumuuliza juu ya kopi. Mais papa hakutaja kopi. Simenti haina kopi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Site iko wazi! Polepole kidogo. Picha ya tante inashuka kidogo kidogo, kwanza kilemba, halafu uso baada ya kusubiri. Lakini hakuna kijana wa pari. Tante amesema wamama walipitishana telefone mpaka ikaishiwa moto wa batri.

Nilipita karibu na Shekinah makusudi. Nikasema, nikiangalia ukuta, kwamba serveur yangu iko Beni na nimeigusa kwa mukono. Akauliza Onésime akitoka inakuwa namna gani. Nikamuambia hawaachanake. Akauliza juu ya kopi. Nikajibu kwamba kopi ni ya watu wasiokuwa na imani. Akaniangalia kama mutu anayeangalia mbuzi katikati ya barabara, hajui kama atapita kulia au kushoto.

Nafikiri nimemugusa moyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Haifunguki.

Nilidhani ni telefone yangu. Nikaomba ya papa. Haifunguki. Nikamupigia Onésime. Kelele za muziki! Ilinichukua muda kuelewa. Hakuwa Beni. Alikuwa Mutwanga, arusini. Pamoja na fotokopi na hébergement, siku za posho, yaani Jumamosi, anapigaka muziki kwa sherehe. Nyimbo ziko ndani ya mashine. Mashine ni moja. Serveur yangu ilikuwa chini ya hema, inachezesha wageni, na chini ya hema lile réseau ya simu haitoshi hata kutuma picha.

Nikamukumbusha ahadi yake. Hakukasirika hata kidogo.

— Ndiyo, mwana. Si iko hapa pembeni yangu?

Nikamupigia tante. Nyuma yake, wimbo ule ule. Yeye pia alikuwa arusini! Bwana arusi ni mutoto wa mama président. Kikundi kizima kilikuwa kinacheza tangu misa, mbele ya site yao wenyewe. Nikamueleza. Akatoka nje ya hema, muziki ukawa mbali. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

— Bale bamama nilibaambia babakishe kakao yao, basiuzishe kwa barabara, juu mutoto wa ndugu yangu anajua kazi. Nitabaangalia na macho gani?

Hapo ndipo nikaelewa. Kakao haikungojea Madame Myriam tu. Ilikuwa inaningojea mimi.

Nikafunga ordinateur ya papa ndani ya kitenge, nikakimbia mpaka Vulamba, kwa akina Shekinah. Mama yake alifungua. Aliona kijana peke yake, amelowa jasho, amebeba kitu ndani ya kitenge, anamuulizia musichana wao. Akaelewa anavyoelewa. Akanikaribisha salon ya wageni. Chai ikaja. Baba yake akaja, amebadilisha shati. Akaniuliza papa ni nani, parokia gani, mama ni wa wapi, mimi ni wa ngapi kwetu. Ningeweza kusema nimekuja juu ya site. Nilisema mimi ni wa ine kwetu. Nikaongezewa chai. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea.

Shekinah akaingia na ndoo. Nikasimama, kikombe mukononi.

— Shekinah, site ya tante iko kwa arusi, inapiga muziki. Madame atafungua sasa hivi. Nisaidie, tafazali.

Sijawahi kumuambia maneno mengi namna ile. Baba yake akauliza ni arusi ya nani.

Shekinah hakucheka. Akaweka ndoo chini, akapangusa mikono, akafungua ordinateur. Ndani ya hébergement ya kwaya akatenga chumba kidogo, akaingiza kurasa zangu, akanipa adresse mpya. Nikamutumia tante, tante akamutumia Madame. Saa nane ilikuwa bado. Nikaifungua kwenye telefone yangu na uso wa tante ukaja mara moja, pamoja na kilemba. Hapo ndipo Shekinah alicheka, mpaka akakaa chini.

Jioni tante akapiga simu. Madame Myriam amechagua kikundi chao. Atachukua kakao yote ya musimu. Tante alirudia tu Wasingya, Wasingya, asante ya kwetu, na nyuma yake wamama walikuwa wanapiga vigelegele, sijui kwa bibi arusi au kwa kakao.

Nilipokuwa naaga, baba ya Shekinah alinishika mukono kwa mikono miwili. Nimusalimie papa. Na nimuambie kwamba wao hawana haraka.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa Shekinah alinisimamisha. Kwaya imekubali tubaki kwenye chumba kile kwa sasa, halafu tante alipie kidogo awe na chake pale pale. Tante amekubali. Papa amekubali, hata kama bado anauliza ni arusi gani hiyo wanayosema haina haraka.

Mimi nimefikiri wakati wote wa mahubiri. Kosa lilikuwa wapi? Bati ya Onésime ilikuwa nzima. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Paka hana dhambi. Kosa ni arusi! Kama Onésime asingekuwa mutu wa arusi, serveur ingelala Beni kwa amani. Na kikundi kinachouza kakao mpaka Ubelgiji hakiwezi kuwa mupangaji wa kwaya.

Donc kutoka kanisani nilienda moja kwa moja karibu na soko, kwa Jéthro, fundi wa majeneza. Watu wanasema ana serveur yake mwenyewe, nyuma ya mbao. Iko. Safi, haina hata vumbi. Sikupoteza wakati na maswali mengi. Nilimuuliza moja tu, lile nililolipia kwa jasho: anaendaka kwa arusi?

Akaapa. Hata moja. Nani atamualika fundi wa majeneza arusini? Yeye ni mutu wa vilio tu. Kila wiki wanamuita, analala huko na wafiwa mpaka mazishi, anawapigia nyimbo za Mungu kutoka kwenye mashine yake.

Nikamushika mukono. Kesho asubuhi nahamisha site.