Laser ya Yahye na Ngamia wa Korane

Yahye alipomwona dalali Korane akilipungia lori mkono kwa kudhani ni shemeji yake, alicheka peke yake. Soko la mifugo la Garissa lina madalali tele, lakini dalali asiyeona mbali na anayekataa miwani kwa kuogopa wenzake watamwona amekwisha, huyo ni riziki inayotembea.

Kesho yake hema likasimama kando ya soko: LASER YA MACHO. Foleni ikajaa. Yahye mwenyewe alikuwa haoni mbali, ila miwani aliificha mfukoni. Alishawaapia wote kwamba laser ilimponya.

"Adeer Korane," alisema Yahye, akimwita ami kwa Kisomali, "mbele ya jicho pana utando mwangavu, unaitwa konea. Umbo lake likikosea, mwanga hautui mahali pake, ndiyo unaona ukungu. Laser inaichonga kidogo tu, mwanga unatua sawasawa."

Hapo hakudanganya hata kidogo. Aliyasikia kliniki moja Nairobi, kabla ya kutajiwa bei na kutoka mbio. Uongo ulikuwa kwenye mashine: kurunzi ndogo ya mwanga mwekundu, ya kuchezesha paka.

"Na malipo?" Korane akauliza.

"Ngamia mmoja tu, adeer."

Korane akalala. Yahye akamwinamia, kurunzi mkononi, pua kwa pua. Sasa, wasioona mbali wengi huona karibu vizuri sana, na Korane aliona juu ya pua ya daktari alama mbili za miwani, bado mbichi. Alikasirika hadi masikio yakamchemka.

"Unaonaje?" Yahye akauliza, akizima kurunzi.

"Wallahi, mambo mengi."

Akaenda kumleta ngamia. Na sokoni hapo mnyama hahesabiwi kuwa wako mpaka umkague mbele ya mashahidi, utamke umemridhia na kasoro zake. Ukishatamka, basi, hata akiwa na miguu mitatu.

"Mkague, daktari," Korane akasema kwa sauti. "Anza na macho."

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Mkono wa Yahye ulikwenda mfukoni, ukagusa miwani, ukarudi mtupu. Angeivaa, au angesogea pua kwa pua na mnyama, wateja wote wangejua haoni na kwenda zao. Kutoka pale aliposimama aliona kitu kikubwa cha kahawia, basi.

"Macho safi kabisa!" akasema, akiutazama mkia. "Nimemridhia na kasoro zake."

Mashahidi wakatazamana. Yahye akavuta kamba, na ngamia akaingia moja kwa moja ndani ya hema, akaliangusha lote.

"Ngamia huyu kipofu!" Yahye akapiga kelele.

"Macho yote mawili," Korane akasema. "Nilikwambia uanze huko."

Yahye akaanza kurudi nyuma taratibu. Barwaqo, muuza maziwa aliyekuwa anafuata kwenye foleni, akamzibia njia, mikono kiunoni.

"Warya, we bwana, unakwenda wapi? Si wewe daktari wa macho? Mtibu. Akiona, sisi tutafuata."

Foleni nzima ikaketi chini kungoja. Yahye akawasha kurunzi, na ngamia akafungua mdomo, meno yakiuelekea mkono wenye kurunzi.