Kikohozi cha Mfano

"Kuanzia leo, hakuna kifua kitakachovuka geti la hospitali hii bila kujieleza."

Hivyo ndivyo alivyotangaza Mkurugenzi wa Ofisi ya Uthibitisho wa Vifua mbele ya wanafunzi wa udaktari, na ukumbi ukapiga makofi kwa sababu wahadhiri walikuwa wameshaanza kupiga. Msicheke. Wanafunzi walikuwa karibu kuanza mafunzo ya kumfuata daktari wodini, kitanda hadi kitanda, na si haki mgonjwa aletewe kifua kikuu na mtu aliyekuja kujifunza kumponya. Hapo hakuna aliyebisha. Kwingine mwanafunzi huulizwa kama anakohoa, akapimwa, akapigwa picha ya kifua, yakaisha. Mkurugenzi aliuona huo ni uzembe mtupu. Yeye alitaka ushahidi unaoshikika mkononi: kila mwanafunzi alete makohozi ndani ya kikopo.

Bwana Maabara, ambaye ndiye angeyapima, alinyoosha mkono akasema kwa upole kwamba mtu mwenye afya hana makohozi ya kuleta.

"Afya njema si kisingizio," Mkurugenzi alimjibu, na maneno hayo yakampendeza mwenyewe hata yakachapwa kwenye bango na kutundikwa getini.

Kisha akakohoa, na ukumbi mzima ukamsubiri. Kikohozi cha Mkurugenzi kilikuwa na jina lake mjini. Kilianzia mbali, kikapanda taratibu, kikatoka na uzito wote wa madaraka. Kikisikika kwenye korido, simu ziliingia mifukoni na migongo ikanyooka. Nyumbani mjukuu wake, binti mdogo aliyezoea kusinzia juu ya kifua cha babu kila jioni, alikuwa ameanza kukiiga, na babu alijisikia fahari kuona kipaji kinarithiwa. Mkewe tu ndiye hakufurahi.

"Mzee, hicho kikohozi hakiishi, na suruali zako zote zinakudondoka. Nenda kapimwe."

"Mke wangu, mimi ndiye ninayepima watu."

"Mficha maradhi, kilio kitamfichua."

"Ni vumbi la mafaili," alisema Mkurugenzi, akajifunga mkanda kwenye tundu jipya alilotoboa kwa msumari.

Zoezi likaanza kwa kishindo. Waliobahatika kuwa na mafua walipita siku ya kwanza na kupewa pongezi. Wenye afya zao wakahangaika kweli kweli: walipanda ngazi mbio, walinusa pilipili ya unga, walikaa madirishani alfajiri wakitafuta baridi iwapate. Waliotema mate walirudishiwa vikopo vyao na onyo la kudharau ofisi. Lakini penye nia hapakosi njia, na kwa namna ambazo ofisi haikuona sababu ya kuziuliza, vikopo vikajaa, kasoro kimoja.

Hicho kimoja kilikuwa cha binti ambaye wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ijumaa mchana, wenzake wakiwa wameshapata vyeti, aliitwa ofisini. Jumatatu mgeni wa wizara angekuja kusikia kwamba vifua vyote vimetoa ushahidi, na Mkurugenzi hakuwa tayari kuaibishwa na kifua kimoja.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kikopo kiko wapi?"

Sindano akakiweka mezani. Kilikuwa na namba yake ubavuni, na ndani kilikuwa kikavu.

"Mbona hamna kitu?"

"Hamna, Mheshimiwa. Nimekohoa mpaka mbavu zinauma. Nimepigwa picha ya kifua, daktari kasema ni safi."

"Mimi sikuomba usafi, binti. Niliomba makohozi."

"Sasa nisichokuwa nacho nitakitoa wapi?"

"Wenzako wote wametoa."

"Wenzangu," alianza Sindano, akaumeza ulimi. Hakutaka kuwachoma wenzake. Akasema lililokuwa moyoni. "Mheshimiwa, nisipoanza Jumatatu narudia mwaka mzima. Bibi yangu ameninyooshea koti jeupe, limetundikwa mlangoni. Kila jirani anayepita anaitwa aje alione. Naogopa kumrudia na habari hizi."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Maneno yale yalimgusa, na tena saa ya kufunga ofisi ilikuwa inakaribia. Akavua koti lake.

"Tatizo lenu vijana hamna mbinu. Mnakohoa kwa koo. Kikohozi rasmi kinatoka chini, huku. Lete hicho kikopo, utazame."

Akavuta pumzi, akaweka mikono kiunoni. Chumba cha pili Katibu Muhtasi alikisikia, akanyoosha mgongo. Kikohozi kilipanda, kikatikisa kalamu mezani, na kilipokwisha Mkurugenzi alikuwa amejishika kwenye kiti, jasho linamtoka, lakini uso umejaa ushindi. Akatema kikoponi, akafunga kifuniko.

"Hicho ndicho kikohozi cha mfano."

"Pole, Mheshimiwa," alisema Sindano, na alimaanisha, maana hakukipenda alichokisikia. "Ila hayo ni ya kwako."

"Kikopo kina namba ya nani?"

"Yangu."

"Basi yaliyomo ni yako. Ofisi hii haifuati vinywa, inafuata namba." Akaita kuelekea mlangoni, "Katibu! Peleka maabara."

"Lakini, Mheshimiwa..."

"Binti, unataka kuanza Jumatatu au hutaki?"

Alitaka. Mungu anajua alivyotaka. Akaondoka, na mwisho wa juma wote lile koti jeupe pale mlangoni likawa linamtazama.

Jumatatu kamati ya ofisi hiyo ilikaa, madirisha yote yamefungwa kama ilivyo desturi ya vikao vyake, kwa kulinda siri. Mgeni wa wizara, mama mmoja mwenye miwani minene, aliwekwa karibu na Mkurugenzi kwa heshima. Bwana Maabara akaingia na kusema kwamba, katika vikopo vyote, kimoja kimekutwa na vimelea vya kifua kikuu.

Mkurugenzi alifurahi, ila kwa huzuni inayostahili. "Mnaona wenyewe," aliiambia kamati. "Walisema tunawasumbua watu wazima wa afya zao. Leo tumeokoa wodi nzima. Bwana Maabara, tupe namba."

Bwana Maabara akaitaja. Mkurugenzi, kwa kuwa alifuata namba na si watu, hakuikumbuka hata kidogo. Akaamuru mwenye namba aletwe, na akaanza kutunga kichwani hotuba ya kumfariji.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Sindano na koti lake limenyooka kama karatasi mpya.

"Pole sana, mwanangu," alianza Mkurugenzi. "Umekutwa na kifua kikuu. Usivunjike moyo, ugonjwa huu unatibika, dawa zipo. Ila wodini hutaingia, na mwaka huu..."

Hapo akamtambua. Neno likamkauka mdomoni, na kile kikohozi, ambacho hakikuwahi kujua adabu, kikaanza kupanda. Alijaribu kukimeza. Kikamshinda. Kikatoka chote mbele ya mgeni wa wizara.

Sindano alingoja kiishe. Asubuhi ile alikuwa na maneno makali ameyaandaa, na ulimi wake, mnaujua, si wa kukopesha. Lakini alipomwona mzee wa watu amejishika kwenye meza, na shingo yake inacheza ndani ya kola, hasira ikamwisha.

"Mheshimiwa, ukisema hayo makohozi ni yangu, mimi nitakubali. Sina pa kushtaki. Nitarudi nyumbani, bibi atalia, nitameza dawa mpaka ziishe. Lakini nikimeza mimi, wewe utaponaje?"

Wajumbe wa kamati wakasogeza viti, kidogo tu, na kwa heshima zote. Yule mama wa wizara akainuka mwenyewe akaenda kufungua dirisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya kamati.

"Kuna," alisema Mkurugenzi, "kuna hitilafu ya kiufundi katika umiliki wa sampuli." Kisha akamkumbuka mjukuu wake, anavyokohoa kikohozi cha babu kwa kuigiza, na watu wazima wanavyocheka. Akaweka mkono kifuani. "Mtoto analala hapa," alisema. "Kila siku analala hapa." Hayo hayakuwa maneno ya kikao, na Katibu Muhtasi hakujua ayaandike wapi. Hofu ambayo Mkurugenzi aliiona siku zote katika macho ya wanafunzi ilikuwa imemwingia yeye.

Kamati ikafanya marekebisho papo hapo: afya njema sasa inaweza kukubaliwa kama kisingizio, kwa wanafunzi tu, na kwa muda. Bwana Maabara akaileta ile picha ya kifua cha binti, Mkurugenzi akatia sahihi cheti bila kukohoa, na Sindano akakimbilia wodini.

Mkurugenzi naye akajifunga mkanda, akavuka barabara kwenda hospitali kutibiwa. Nyuma yake kamati nzima ilimfuata ikapimwe, wamejipanga kwa vyeo. Getini walimkuta mlinzi mpya, aliyeajiriwa na ofisi hiyo hiyo kwa sifa ya kutokuwa na huruma.

"Cheti cha kifua, mzee."

"Sina. Ndiyo maana nimekuja."

"Bila cheti huingii. Agizo la Mkurugenzi."

"Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Basi unalijua vizuri kuliko mimi," alisema mlinzi. "Kaa kwenye benchi."

"Lakini mimi ni mgonjwa."

"Kama mzima haruhusiwi, mgonjwa ndiyo aruhusiwe?"

Mkurugenzi akatafuta kosa katika hoja hiyo, akaona imeandikwa vizuri mno, maana ameiandika mwenyewe. Akakaa. Kamati ikakaa. Jua likawapiga wote bila kujali vyeo. Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na mwenzake akamkanyaga mguu. Mkurugenzi akampigia simu mkewe. Mke hakusema "nilikwambia." Alisema, "Namvalisha mtoto viatu, tunakuja tupimwe wote," na hapo macho ya Mkurugenzi yakalowa kweli.

Daktari wa zamu aliposikia kuna kamati imekwama getini, alitoka kuwatazama, na nyuma yake, hatua moja kama inavyotakiwa, alikuwa Sindano amebeba vikopo. Kwa heshima ya vyeo, daktari akamwambia aanze na mkubwa.

"Shikamoo tena, Mheshimiwa. Sogea huku kwenye upepo. Vuta pumzi. Itoke chini, usikohoe kwa koo."

"Najua mbinu, binti."

"Najua unajua."

Mkurugenzi akakohoa. Safari hii hakuna aliyenyoosha mgongo. Sindano akafunga kifuniko, akatoa kalamu.

"Niandike namba gani?"

"Sina namba. Sisi wa ofisini hatukuwahi kujipa."

"Sasa maabara nitawaambia haya ni ya nani?"

Juu ya geti lile bango lake lilikuwa linapepea kidogo. Mkurugenzi hakulitazama. Alikitazama kikopo, kisha akamtazama yule binti.

"Ni yangu," alisema. "Na ya Ijumaa yalikuwa yangu."

Mlinzi alikuwa anasikiliza. Akalisoma tena agizo lake moyoni, neno kwa neno, akaona limetimia. Kifua kilikuwa kimejieleza. Akafungua geti.